Mshale Unasema Nusu

Juzi, nikitoka Tororo kwa baiskeli, nilikuta pikipiki imezimika karibu na Dabani. Dereva alikuwa akigonga kwa kidole kioo chenye mshale wa kupimia petroli. Kando yake mkewe mjamzito alishika mti, akihema kwa uchungu.

"Padri ameniazima hii pikipiki, na mshale inasema nusu!" mume akalalamika.

"Sasa mshale ndio inazaa?" mke akamjibu.

Tuliilaza pikipiki ubavu ili petroli iliyobaki ifike kwenye mrija. Mume akapiga kiki tena na tena mpaka ikawaka, wakaondoka kwenda zahanati, nami nikawafuata kwa baiskeli.

Nilipofika zahanati, mtoto alikuwa akilia ndani. Baba yake alikuwa nje, amefungua tanki, anachungulia kwa jicho moja. Wenye pikipiki, tanki lina mfuniko: ufungueni kabla ya safari, si baada ya kujifungua.