Usimpige, Mpulize: Fundi Cherehani Anayelilinda Jicho Lake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto limeshabisha hodi. Kibarazani kwake, fundi cherehani anakung'uta kila nguo mara tatu kabla ya kuiweka mezani. Gauni, mara tatu. Sare ya shule, mara tatu. Hata futi ya kupimia anaikung'uta.

"Taa ya hapa huwaka usiku kucha," anaeleza. "Wadudu wanafuata mwanga, halafu wanalala kwenye vitambaa vyangu utadhani wamelipa kodi."

Mteja anayesubiri suruali yake anainua kiganja. Shingoni mwake ametua mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi.

"Usimpige!" fundi anaruka. "Mpulize!"

Anampuliza mwenyewe, kisha anamwonyesha mteja ndoo ya maji na sabuni akanawe. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mama Puliza, na wapo wanaomcheka. Hawajui yaliyomkuta.

Msimu wa joto uliopita, mdudu kama huyo alitua mkononi mwake akiwa anashona. Alimponda kwa kidole, akakipangusa kwenye sketi, kazi ikaendelea. Jasho lilipomwingia jichoni, akasugua kwa kidole kilekile. Kumbe mdudu huyo haumi. Sumu yake imo mwilini, na hutoka anapopondwa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kulipokucha, jicho la kushoto halikufunguka. Badala ya kulisafisha kwa maji mengi na kukimbilia hospitali, alitia dawa ya matone iliyobaki kwa jirani, kwa kuwa ilimponya jirani huyo. Siku ya tano akaanza kuona ukungu. Daktari alikuta kidonda kwenye kioo cha jicho, akamwambia bila kuzunguka kwamba huenda uwezo wa kuona usirudi.

Wahenga walisema macho hayana pazia. La kwake lilipata, pazia la plastiki lililobandikwa kwa plasta. Fundi aliyezoea kumaliza nguo sita kwa siku alikaa wiki saba bila kushona hata moja.

Mumewe, mlinzi mstaafu, ameketi pembeni akitunga nyuzi kwenye sindano na kuzichomeka kwenye kimto kidogo cha sifongo.

"Alikuwa anajificha bafuni analia," anasema. "Nikamwambia, mke wangu, macho yangu ni ya kizee, lakini yapo mawili. Chukua moja."

Mkewe anamrushia kipande cha kitambaa. "Msimsikilize huyu. Sindano ya kwanza aliitunga nusu saa nzima!"

"Lakini niliitunga," mzee anajibu.

Sasa jicho limerudi, ingawa si lote. Ubao wa herufi kliniki anausoma karibu mpaka chini, ila uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi bado humpotea. Akitoka nje juani huvaa kofia pana na miwani ya jua, maana mwanga mkali na vumbi hulichoma. Akiulizwa kama anaogopa, anakiri kwamba kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, hufunika jicho zima na kuutazama ukuta kwa lile la kushoto.

Ana sababu. Kabatini kuna mita saba za kitambaa cheupe cha gauni la harusi. Binti yake wa mwisho anaolewa baada ya miezi minne, na shanga za kifuani hushonwa kwa mkono, moja moja.

"Mama, tutanunua la dukani, usijiumize," binti alimsihi. Mama hakutaka hata kusikia. Daktari amemruhusu nusu saa kwa siku, penye mwanga mzuri, na mpaka sasa ameshafika shanga ya tisini na mbili.

"Nitalimaliza," anasema. "Halafu siku hiyo nitakaa mbele kabisa, nimwone mwanangu anaingia, kwa macho yote mawili."

"Utaona nini wewe?" mumewe anamchokoza. "Si utakuwa unalia."

Fundi anatabasamu.

"Daktari kanikataza kusugua. Kulia hajanikataza."