Msiba wa Majaribio

Erasmus alipoanza kusomea kompyuta katika chuo kimoja pale Parramatta, hapa Sydney, kitu cha kwanza alichofuzu kilikuwa kuvaa kitambulisho. Alikivaa shingoni kanisani, akakivaa sokoni Fairfield akinunua mihogo iliyogandishwa, akakivaa hata kwenye ubatizo wa mtoto wa Hope, Mtanzania mwenzetu, na kimetokea kwenye picha zote.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kawaida. Alipanga chumba kwangu Guildford, akipakia mizigo kwenye ghala moja Ingleburn, akiniita dada na kuosha vyombo bila kuambiwa. Baada ya muhula mmoja tu, sisi sote tukawa "users".

"Dada Stephania, wewe ni typical user," aliniambia siku nilipomwomba anitazamie printa. Aliizima, akaiwasha, akanipa mhadhara juu ya nywila, akaenda zake. Printa ikabaki vilevile.

Nilimdharau, sifichi. Si kwa sababu ya kusoma. Mtu mzima anayetoka zamu ya ghalani na kwenda kukaa darasani nampa heshima yake. Nilimdharau kwa jinsi alivyojifunza kututazama, kama vile Watanzania wote wa magharibi ya Sydney tulikuwa mashine mbovu zinazomsubiri yeye.

Sasa, huku hatuna shangazi wala wajomba wa kutujazia nyumba. Tuna grupu la WhatsApp. Ukifiwa unaandika humo, na watu wanakuja: wanaacha zamu, wanabeba masufuria, wanakaa nawe sakafuni mpaka ujue kwamba hukufiwa peke yako. Mengine yote ya jumuiya yetu ni maneno matupu na ugomvi wa uongozi. Hilo moja ni la kweli, na ndilo Erasmus aliloliona linafaa kwa homework.

Zoezi lao lilikuwa kutuma ujumbe wa kutega watu, waone nani atanasa. Mwalimu alisema wapimwe waliokubali kwa maandishi. Erasmus aliandika kwamba tumekubali. Aliniambia mwenyewe baadaye, akicheka. Jumamosi moja mchana akatuma kwenye grupu, kwa namba tusiyoijua: "Mama mzazi wa mwenzetu amefariki. Jina na ratiba ya msiba, bonyeza hapa."

Mimi nilikuwa kazini, nyumba ya wazee, namlisha bibi mmoja supu. Mama yangu kule Moshi alikuwa mgonjwa wiki ile. Nikakaa kitandani kwa yule bibi, kijiko mkononi, nikabonyeza. Pakafunguka picha ya ndoano na neno UMENASWA, na kikatuni kinachotabasamu, na chini yake jina la Erasmus na la chuo chake. Wakati huo Hope alikuwa ameshaloweka mchele, na Kitwana, mwenyekiti wetu, ameshamwomba bosi ruhusa. Nilimchukia Erasmus siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Jumapili iliyofuata akaomba ukumbi ili "atuelimishe". Nilikwenda nikitegemea kuona akifokewa. Thubutu! Alileta projekta na chati zenye rangi, na ukimwonyesha Mtanzania chati yenye rangi, hasira yake inakwisha.

"Human being ndiye weakest link," alisema, akitembea mbele yetu mikono nyuma. "Hacker havunji computer, jamani. Anavunja huruma yako. Ukiona message ya msiba, don't click. Usipige simu, usiforward. Admin amtoe huyo mtu kwenye grupu, immediately."

"Na kama ni msiba wa kweli?" niliuliza.

"Dada, emotions ndizo zinatuponza," alinijibu, na watu wakacheka. Nilikuwa mimi sasa ndiye mjinga. Mwishoni wakapiga makofi, watu wazima wenye digrii zao, na Kitwana akapiga picha ile slaidi ya mwisho ili "tuwe nayo". Chuoni Erasmus alipata alama ya juu kabisa. Akahamia fleti yake karibu na stesheni, na tukapumua.

Baridi ilipoanza, asubuhi moja ya katikati ya wiki, ujumbe wake ukaingia kwenye grupu: "Ndugu zangu, baba yangu amefariki Bukoba. Naombeni mje nyumbani."

Hope ndiye aliyejibu kwanza: "Nice try, Erasmus." Zikafuata sura za kucheka. Mmoja akaandika kwamba simu ya Erasmus imeibiwa, watu wawe makini. Kisha Kitwana akaweka ile picha ya slaidi, na chini yake tukasoma kwamba Erasmus ameondolewa kwenye grupu. Watu wakashangilia kwa vidole gumba, wanafunzi bora kabisa.

Mimi nilisonya. Nilipotoka zamu mchana nilikwenda kwake, si kwa huruma. Nilikwenda kumwambia usoni kwamba mzaha huu mara ya pili hauchekeshi, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye treni.

Mlango ulikuwa wazi. Nje palikuwa na viatu vyake peke yake, amevisogeza pembeni kabisa kuacha nafasi. Ndani, sofa ameisimamisha ukutani, mikeka imetandikwa sebule nzima, na vikombe vimepangwa kando ya birika. Yeye alikaa kwenye kona, simu mkononi, bila kitambulisho.

"Karibu, dada," alisema, akainuka haraka. Alichungulia nyuma yangu. "Na wengine? Wamekwama kwenye traffic?"

"Pole, mdogo wangu," nilisema.

"Grupu halifunguki. Sijui ni network."

Sikuweza kumwambia. Nikampigia Kitwana kwa video, nikamgeuzia kamera aone mikeka, aone vikombe, amwone Erasmus na macho yake mekundu. "Ni kweli, Kitwana," nilisema. "Mtoto wa watu amefiwa na baba yake. Waambie waje."

Kitwana alisogeza uso karibu na kioo cha simu. Mtu mzima yule, aliyezika wazazi wake wote wawili kwa msaada wa watu.

"Naona, dada," alisema. "But hata video siku hizi wanatengeneza. Alitufundisha mwenyewe. Sasa nitajuaje kwamba wewe ndiye Stephania?"

Nilimtukana. Alikata simu, na nadhani tusi langu alilihesabu kama ushahidi mwingine.

Erasmus alikuwa amesikia kila neno. Nilitegemea akasirike, au alie. Alikaa taratibu mkekani, akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesahihisha karatasi.

"Yuko sahihi," alisema. "Ndivyo nilivyowafundisha."

Nikavua viatu, nikaviweka kando ya vyake, nikakaa naye chini. Alinimiminia chai. Birika alikuwa amelijaza chai ya watu wengi. Nilikuwa bado namdharau, na Kitwana nikimdharau zaidi, na nilikunywa kikombe baada ya kikombe ili chai ipungue.