Shikamoo ya Jeneza

Mlinzi wa chumba cha majeneza ya Misri ya kale, pale makumbusho, ana sauti ya kufukuzia mbwa. Lakini mbele ya jeneza lililochorwa uso wa mwanamke hulainika kama siagi juani. Kila asubuhi hufuta kioo chake kwa mkono wa shati, akainama: "Shikamoo, bibi. Leo wanja umekukaa."

Juzi bosi akaja kumhamishia getini. "Wageni wanalalamika, unaongea na maiti!"

"Sawa, mkuu. Ila niagie bibi wewe, anza na shikamoo; mimi nitalia."

Bosi akatazama huku na huku, akanong'ona, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," sauti nyembamba ikamjibu kutoka nyuma.

Bosi akaruka. Alipogeuka, mlinzi alikuwa anakagua dari, mashavu yamemvimba kwa kicheko. Bosi naye akacheka mpaka akaegemea ukuta. Getini akapelekwa mwingine.