Nilivyompangia Mungu Zamu

Kwa miezi minne mizima niliamini kwamba Mungu wa Wakristo anafanya kazi kwa zamu. Jumatatu na Jumanne ni za Baba. Jumatano na Alhamisi ni za Mwana. Ijumaa na Jumamosi ni za Roho Mtakatifu. Jumapili wote watatu wanakaa kikao, na ndiyo maana ibada ya siku hiyo ni ndefu kuliko sala zote za wiki. Msinicheke upesi. Aliyeniambia alikuwa mtu aliyetembea. Alikuwa amefanya kazi ya utingo katika malori yaliyokuwa yakisimama Hedaru, amefika Tanga, amefika Moshi, na kwa maneno yake mwenyewe amefika mpaka pale barabara inapokwisha. Sasa alikuwa amerudi kwetu mlimani, juu ya Same, na tulikaa benchi moja katika shule ya usiku.

"Ukimwomba Baba siku ya Mwana," alininong'oneza, "ombi halipotei. Linakwenda kwa mwingine."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote aliye karibu. Kuna mama mmoja pale Hedaru aliomba mtoto siku isiyo yake. Jirani yake akazaa mapacha."

"Wewe uliwaona hao mapacha?"

"Nimewapakata."

Mtu akishasema amewapakata, utamuuliza nini tena?

Mtu wa mahali pengine labda angecheka. Sisi tulikuwa watu wa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo babu zetu walilijenga juu ya mashamba. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwa mfereji tunaouita mfongo mpaka kwenye mahindi na maharage. Maji yenyewe ni machache, kwa hiyo kila ukoo una siku zake. Ukifungua siku isiyo yako, maji yanaishia kwa mwingine na wewe unaishia mbele ya wazee. Nimewaona ndugu wawili, mama mmoja, baba mmoja, waliokaa miaka bila kusalimiana kwa sababu ya maji ya kumwagilia matuta manne. Basi nilipoambiwa kwamba mbinguni nako kuna zamu, sikushangaa. Nilifurahi kuona kwamba hata huko wana utaratibu.

Mwalimu wetu naye, bila kujua, alinithibitishia. Alikuwa mwalimu wa kusoma na kuandika, na alikuwa pia mwalimu wa dini. Nusu ya kwanza ya jioni ilikuwa ya herufi, nusu ya pili ilikuwa ya mafundisho ya ubatizo. "Baba ndiye aliyeumba," alisema. "Mwana akaja kutuokoa. Kisha Roho Mtakatifu akashuka siku ya Pentekoste." Mimi nikasikia: kwanza huyu, halafu huyu, halafu yule. Kama hizo si zamu, ni nini?

Siku moja akaniuliza mbele ya darasa, "Mungu ni wangapi?"

Nikasimama. "Mungu ni mmoja, nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu."

"Vizuri sana. Keti."

Nikaketi nimevimba kama chura. Kila neno nililolisema lilikuwa sahihi, na kichwani mwangu watatu hao walikuwa wakipokezana jembe. Mwalimu aliuliza kama kuna mwenye swali, nasi watu wazima wenye ndevu zetu tukaitazama taa. Hakuna aliyetaka kuonekana mjinga, na mimi niliyekuwa mjinga kuliko wote ndiye niliyeitazama taa kwa bidii kuliko wote.

Simlaumu mwalimu yule hata kidogo. Tangu Mwingereza anatawala mpaka leo sijakutana na mtu mwenye subira kama yake. Alifundisha kwa taa iliyovuta wadudu wote wa Upare, wengine nadhani walitoka Kenya. Alinishika mkono wangu huu, uliokuwa mgumu kama mpini, akauongoza mpaka ukaandika herufi ya kwanza. Kila barua niliyoandika maishani mwangu, na kurasa hizi pia, ni kazi ya mkono wake juu ya mkono wangu. Kosa lilikuwa la matumizi yangu. Jambo la kwanza nililoliandika kwa akili yangu mwenyewe, bila kunakili ubaoni, lilikuwa ratiba ya zamu za Mungu. Nilishuka mpaka Same kununua daftari na penseli kwa ajili hiyo tu, kwa njia ambayo hata mbuzi huishuka kwa kufikiri.

Mke wangu sikumwonyesha. Yeye alibatizwa tangu mchanga, nikaona kwamba mtu aliyezaliwa kando ya mfongo haambiwi siku za maji. Hakuwahi kutaja zamu hata mara moja, na ukimya wake huo mimi niliuchukua kuwa ushahidi.

Mwaka uliotangulia mimba yetu ya kwanza ilikuwa imeharibika. Sasa alikuwa na ya pili. Hilo ndilo lililonifanya niishike ratiba ile kwa mikono yote miwili. Nilipiga hesabu hivi: mtoto anaumbwa, kuumba ni kazi ya Baba, kwa hiyo mambo ya mtoto ni ya Jumatatu na Jumanne. Siku hizo mbili niliomba mpaka magoti yakachubuka. Siku zilizobaki nilinyamaza kimya, nisije nikaharibu.

Uchungu ulimshika Alhamisi asubuhi.

Mama mkwe wangu alikuwepo, pamoja na mama mmoja mkunga, na neno lao la kwanza lilikuwa kunifukuza nje. Nilizunguka nyumba mara mia moja, au tuseme kumi. Jua likapanda. Mkunga akatoka kuchota maji, akaniambia mtoto amekaa vibaya, akarudi ndani. Nilitaka kuomba kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Lakini ng'ambo ya korongo kulikuwa na jirani ambaye naye alikuwa mjamzito, tumbo lake linaonekana kutoka kwetu. Nikaliona ombi langu linavuka korongo, linabisha hodi kwa jirani, na mke wangu anabaki mikono mitupu kwa mara ya pili. Nikauziba mdomo wangu kwa kiganja. Nimebeba magunia ya mahindi katika milima hii mpaka shingo ikaingia mabegani, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama sala ile niliyoizuia.

Siku hiyo pia ilikuwa siku ya maji ya ukoo wetu. Nikachukua jembe nikaenda kwenye mfongo, si kwa ajili ya mahindi bali nisimsikie mke wangu akilia. Nikasimama pale sijui muda gani, ndipo mgawa maji akateremka akiufuata mfereji. Huyu alikuwa kaka wa mke wangu, aliyeshika kazi hiyo tangu baba yake alipoanza kuumwa miguu. Hakusoma shule yoyote, ya mchana wala ya usiku. Macho yake yalikuwa makali. Nadhani angeweza kugawa maji kwa kijiko na kila mtu akapata haki yake.

"Shemeji," akasema, "mahindi yako umeyahamishia njiani?"

Nikatazama. Maji yalikuwa yameruka ukingo, yanamwagilia njia ya watu.

"Dada yako yuko ndani tangu asubuhi," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukufokea taratibu." Akaninyang'anya jembe, akakata mabonge mawili ya udongo, maji yakarudi mahali pake. "Wanasemaje?"

"Mtoto amekaa vibaya."

Akalichomeka jembe ukingoni. "Umeomba?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Jumatatu."

"Hofu imekupanda kichwani," akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kinywani mwake. Kisha akavua kofia, akasimama palepale ndani ya mfongo, maji yakimfika vifundoni, akaomba. "Mungu Baba yetu, mtazame dada yangu. Mpe Roho wako akae naye mle ndani, amtie nguvu. Nakuomba kwa jina la Mwanao Yesu Kristo. Amina." Akavaa kofia yake.

Sala nzima haikuzidi pumzi moja, na mimi nilibaki nimeshika kichwa. Kwetu, ukiyafungulia mashamba ya koo tatu kwa wakati mmoja, maji hayafiki popote. Yanatawanyika na kunywewa na udongo. Shemeji alikuwa amefungua kote kwa mpigo mmoja, siku ya Alhamisi, kwa ajili ya mke wangu.

"Umefanya nini?" nikamwuliza. "Umewaita wote watatu."

"Ulitaka niwaite wangapi?"

Kabla sijafungua mdomo, vigelegele vikapigwa nyumbani. Tulikimbia. Yeye alikuwa na miguu mirefu, lakini mimi nadhani siku hiyo sikugusa ardhi. Mama mkwe akatoka na kitu kidogo chekundu kilichofungwa kwenye khanga, akasema ni msichana. Nikauliza, na mama yake? Akasema, anataka uji. Sijapata kusikia habari nzuri kama hiyo ya uji. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimebatizwa, nimewaona watoto wengine wanne wakizaliwa, nimewaona Waingereza wakifunga mizigo yao, na bado nikiusikia uji unachemka chunguni nashukuru kabla sijajua nashukuru nini.

Lakini saa ile nilisimama mlangoni na shukrani zimenijaa mpaka kooni, sijui pa kuzipeleka. Nilimvuta shemeji pembeni, nikamweleza yote: utingo, mama wa Hedaru, mapacha, ratiba, jirani wa ng'ambo ya korongo. Uso wake ulikuwa unatetemeka, na niliona anajitahidi sana asicheke mlangoni kwa mzazi.

"Sasa niambie," nikasema, "nimshukuru nani? Aliyepokea ombi lako ni yupi kati yao? Nisije nikamshukuru mmoja, wengine wakaona nimewadharau."

"Huyo utingo wako alikudanganya," akasema. "Hakuna zamu. Zamu tunaweka sisi, kwa sababu maji hayatoshi. Mungu hapungui, hana haja ya kugawa siku. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu, na Mungu ni huyohuyo mmoja. Hawapokezani, shemeji. Baba anapofanya kazi, Mwana yumo na Roho yumo, na kazi ni moja. Ukimwita mmoja hujamwacha mwingine nje. Mshukuru tu, hivi sasa."