Moto wa Chai na Bangili za Mama

Mama alikuwa binti wa sonara. Tangu nilipokuwa mdogo alinifundisha kwamba risasi ya kuzibia vyombo huyeyuka kwa moto wa chai tu, lakini dhahabu haikubali mpaka uipulizie mvukuto. Kwa hiyo, baada ya Mapinduzi, watu walipoanza kupita nyumba hadi nyumba wakitafuta mali, alizifukia bangili zake tatu katika majivu ya seredani kuukuu, jiko la makaa tusilolitumia tena, pembeni mwa ua wetu wa Mji Mkongwe. Mbili nyembamba aliachiwa na mama yake. Ya tatu, nene, baba alimpa nilipozaliwa mimi. Hakuwa na mali nyingine, na aliniambia ndizo za arusi yangu. Wapi zilipo hakuniambia.

Kosa likawa langu. Seredani yetu ya kila siku nilimwazima jirani asubuhi moja bila ya kumwambia mama. Asubuhi hiyo hiyo akaja kijana na daftari, anaandika watu wa kila nyumba na vitu vyao. Alimwamkia mama kwa adabu. Kwetu mgeni haondoki na kinywa kikavu, hata yule unayetamani aondoke, basi nikaenda uani, nikaijaza makaa ile seredani kuukuu, nikateleka birika.

Mama alipomleta kijana uani kuhesabu vyumba, alinikuta napepea kwa nguvu. Nikamwona uso umemshuka.

"Wacha kupepea, mwanangu. Moto utashika wenyewe."

Kijana akacheka. "Bi, nna nyumba nyingi mbele yangu. Nipe hicho kipepeo, dada."

Akachuchumaa, akapepea kama aliyezaliwa jikoni. Makaa yakawa mekundu, kisha yakaanza kuwa meupe. Mama alisimama, pindo la kanga ameliuma kwa meno. Nilidhani anaumwa.

Tone jeupe likadondoka chini ya seredani, likang'aa katika jivu. Jengine likafuata.

"Nini hicho, Bi?"

Mama aliyatazama yale matone muda mrefu, na hofu ikamtoka usoni. Kilichobaki nilikiogopa zaidi.

"Risasi," akasema. "Birika limezibwa juzi. Fundi hakuziba vyema."

"Basi litavuja." Kijana akalishusha, akaweka kipepeo chini, akanywa maji ya mtungini na kuaga.

Mama akayasogeza makaa pembeni kwa koleo, akachokora jivu. Bangili mbili za bibi zilitoka nyeusi, lakini nzima. Ya tatu ilikuwa ganda jembamba la dhahabu lililopasuka, na tumbo lake lote lilikuwa yale matone. Nikalia, nikamwomba radhi kwa kuiunguza dhahabu yake.

"Hukuunguza dhahabu," akasema.

Miaka yote ile binti wa sonara hakuwahi kuipima. Zawadi ya mume haipimwi. Nilimkasirikia baba, na nikangoja mama amuulize. Hakumuuliza. Alilifunga ganda na matone yake katika kitambaa, akakiweka chini ya sanduku lake.

Nilipoolewa, miaka michache baadaye, mama alinivisha zile mbili. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo iko wapi ya tatu.

"Hiyo siitoi," mama akamjibu, bila ya kuuachia mkono wangu. "Hiyo ulinipa wewe."