Mkunga wa Kwenye Karatasi

Juba ina mabunge mawili, la nchi na la jimbo, na sitasema habari hii ni ya lipi. Si woga. Ni kwamba waheshimiwa wa pande zote mbili watasema hawakuwepo siku hiyo, na wengi wao watakuwa wamesema kweli.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nchi ilikuwa na miwili na kidogo, na sote tulikuwa na mipango mikubwa kuliko nguo tulizovaa. Nilikuwa nimerudi kutoka Kitale, ambako wazazi wetu walikimbilia wakati wa vita vya zamani, nikiwa na kidato cha pili na vidole vyepesi. Kazi niliipata soko la Custom, kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kampala: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi moja, na jenereta iliyokohoa mchana kutwa lakini haikuzima. Jenereta hiyo ndiyo iliyonitia kwenye siasa.

Sheria ya Bunge ilikuwa hivi: mbunge akitaka kumuuliza waziri, alete swali kwa maandishi, nakala za kutosha. Waziri naye alete jibu kwa maandishi, nakala za kutosha. Sasa mashine yao ilikuwa ikisubiri wino, wino uko njiani, njia inasubiri mvua ikome. Kwa hiyo swali lilikuja kwetu. Baada ya siku mbili jibu nalo likaja kwetu. Nilichapa yote mawili nikiwa nimekalia kiti kile kile.

Mama mwenye kibanda alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: "Wewe iko na masikio mbili. Hii ya swali, hii ya jibu. Hapa katikati hapana kitu, sikia?" Yaani nisimwambie mmoja siri ya mwenzake. Ya pili: kila ukurasa, chini kabisa, niandike "Imechapwa na" na jina langu na la baba yangu, ili aliyeharibu karatasi ajulikane.

Miezi michache tu nikawa nimehitimu uwaziri. Jibu lolote huanza kwa kumshukuru mheshimiwa kwa swali lake zuri, katikati huwa na mchakato, na mwisho huwa "pindi fedha zitakapopatikana". Nilihifadhi jibu moja kwenye kompyuta, nikawa nabadilisha jina la ugonjwa tu. Jioni nikioga nilijibu maswali ya Bunge kwa sauti, mimi nikiwa waziri. Wa chochote, hata wa samaki. Tulichapa kwa Kiingereza, lakini hapa nawaandikia kwa Kiswahili mpate raha.

Mbunge mmoja alikuwa mteja wetu wa kudumu. Alikuwa amepigana msituni, na sauti yake bado ilikuwa ya kuita watu ng'ambo ya mto. Miwani yake ilikuwa na kibandiko cha bei kwenye kioo cha kushoto, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku hiyo alikuja na maswali mawili, la magari ya wagonjwa na la tangi la maji la hospitali. Akatazama ukurasa.

"Binti yangu, hapa chini mbona peupe?"

"Maswali yameisha, mheshimiwa."

"Yangu yameisha. Ninaruhusiwa matatu. Kwenu hakuna mgonjwa? Weka lolote la afya, nina msiba wa kwenda."

Mgonjwa hatukuwa naye. Tulikuwa na dada yangu.

Dada yangu alikuwa akiwapikia madereva wa malori kwenye kijiji kimoja mbele ya Nesitu, njia ya kwenda Nimule, mpakani na Uganda. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kabla ya hiyo ilipofika siku yake, zahanati ya kijiji ilikuwa nzuri sana: mlango wa buluu, kitanda cha kuzalia kikiwa bado kimevikwa nailoni ya dukani, na mlinzi mwenye ufunguo. Mkunga hakuwepo. Mlinzi alikuwa mtu mwema, aligawa vidonge kwa kufuata rangi, lakini kuzalisha hakuweza. Dada akapakiwa kwenye lori la vitunguu aletwe mjini. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Tangu hapo dada hapiki na vitunguu. Madereva wakiuliza, anawaambia vimeisha.

Basi nikachapa la tatu. Kwamba zahanati ya kijiji fulani ina kitanda na haina mkunga. Waziri atamleta nani, na lini? Mheshimiwa akasaini bila kusoma, akaenda msibani.

Baada ya siku mbili akaja kijana wa wizara, mwembamba, tai ndefu, simu tatu. Majibu ya maswali mawili alikuwa nayo. La tatu karatasi yake ilikuwa nyeupe. Akapiga simu ya kwanza, akasikiliza, akatabasamu.

"Yupo," akasema. "Kwenye orodha yupo. Andika: mkunga yupo, amehitimu, anahudumu usiku na mchana."

"Kaka, umewahi kufika kule?"

"Nifike nikafanye nini, na mkunga yupo?"

"Nani amemwona?"

"Dada, wewe chapa. Mafi mushkila, hakuna shida."

Nilikuwa nimechapa "pindi fedha zitakapopatikana" mara nyingi bila kuumia roho, maana hiyo ni habari ya kesho, na kesho ni ya kila mtu. Lakini "yupo" ni ya leo. Mtu wa Bunge akishasikia yupo, ni nani tena atakayemtuma mwingine? Vidole vyangu vilienda kama vinatembea kwenye matope. Nikamaliza, nikaweka chini jina langu na la baba yangu, kama kawaida, nikatoa nakala.

Siku ya maswali nilipeleka nakala za mheshimiwa kwa bodaboda. Amri ya mama niliishika, siri sikutoa. Nilimwambia tu, "Mheshimiwa, kwenye lile la tatu, ikitokea wakasema mkunga yupo, waulize anaitwa nani." Akanitazama juu ya kile kibandiko cha bei, akaniambia nikae juu kwa wageni.

Waziri alisoma vizuri. Magari ya wagonjwa, mchakato. Tangi la maji, pindi fedha zitakapopatikana. Nilikuwa natembeza midomo pamoja naye kama kanisani. Akafika la tatu: mkunga yupo, amehitimu, usiku na mchana. Wakagonga meza.

"Swali la nyongeza, Mheshimiwa Spika," sauti ya msituni ikanguruma. "Anaitwa nani?"

Kicheko. Waziri akageuka nyuma. Kijana wa wizara alikuwa anatafuta simu ya kupiga kati ya zile tatu. Waziri akarudi kwenye karatasi, akapandisha ukurasa, akashusha, na pale chini kabisa nikaona uso wake unapata nuru. Ameliona jina la mwanamke. Akalisoma kwa sauti, langu, kisha la baba yangu, kwa uzito kama ananizindua.

Nilishika benchi. Meza ziligongwa mpaka vumbi likatoka. Mbunge mwingine akasimama, macho yana machozi, akasema mama kama huyu, anayehudumu peke yake usiku na mchana, anastahili kutembelewa na kupewa mkono. Spika akakubali. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Niliingia mle ndani mchapaji, nikatoka mkunga wa serikali.

Kesho yake kijana wa wizara alifika kabla jenereta haijawashwa. Tai hakuwa nayo.

"Dada. Ijumaa ya wiki ijayo wageni wanakwenda kule. Siku moja tu. Uvae koti jeupe, ucheke-cheke, kalas, imekwisha."

Mama mwenye kibanda akapaza sauti kutoka nyuma: "Mimi hapana taka polisi hapa!"

Mimi nilikuwa nimelala na jibu langu. "Nitakwenda," nikasema, "lakini mkunga wa usiku na mchana hawezi kukosa msaidizi. Mimi ninaye. Mpe barua."

Msaidizi huyo alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Malakia, mama wa makamo aliyesomea ukunga Khartoum wakati wa vita. Hakuwa na mume wala mtoto. Orodha ya wizara haikumjua. Alikuwa akiuza maharage, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walizaliwa kwenye mkeka wake. Nikachapa barua: anateuliwa kuwa msaidizi wa mkunga, kuanzia leo mpaka, halafu mstari.

"Mpaka Ijumaa," kijana akasema.

"Hiyo tutajaza wageni wakishaondoka. Huenda wakalala."

Akasaini, simu ya pili ikiita.

Koti jeupe tuliliazima kwa muuza nyama. Tulilifua mara tatu, doa moja likagoma, nikaliziba kwa kuchomeka kalamu mfukoni. Wageni walifika saa nne, magari sita, vumbi mpaka mbinguni. Mheshimiwa wetu akashuka, akaniona, akasimama.

"Binti yangu."

"Mheshimiwa."

"Kumbe Custom unachapa, huku unazalisha."

"Nchi changa, mheshimiwa. Kila mtu kazi mbili."

Alicheka kwa tumbo lote. Kisha akataka aone ninavyompima mtoto. Nikamshika mtoto wa watu kama ninayeshika karatasi ya moto, na msaidizi wangu akaninyang'anya: "Malesh, utusamehe mheshimiwa, mkunga wetu leo mkono unamuuma." Akampima, akamgeuza, akamsikiliza kifua, akamwambia mama yake nini cha kumlisha. Mheshimiwa alipoaga, mimi alinipa mkono mmoja. Msaidizi alimpa yote miwili. Dada yangu, aliyekuwa amesimama na wanakijiji, alicheka mpaka akashika tumbo, nikaogopa tusije tukaanza kazi hapo hapo.

Wageni wakaondoka, nami nikarudi Custom. Msaidizi hakuna aliyekuja kumchukua, na barua yake hakuna aliyeijaza.

Desemba risasi zikalia Juba. Siku mbili zile sina cha kuzichekea. Mama mwenye kibanda alifunga mlango kwa kufuli mbili, akanikumbatia, akanipa mkate, akaondoka kuelekea kwao na kompyuta moja kifuani kama mtoto. Mimi nikashika njia ya Nimule, kwa miguu kisha kwa lori, kati ya watu waliobeba magodoro. Waziri alikuwa wapi sijui. Kijana wa wizara nilimpigia simu zote tatu, zote zilikuwa zimezimwa.

Nilifika kijijini asubuhi. Mlinzi alikuwa ameshakimbia. Mlango wa buluu ulikuwa wazi, na mlangoni alisimama msaidizi wangu, begi kichwani. Lori la Nimule lilikuwa linapiga honi barabarani. Kwenye benchi dada yangu alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, uchungu umemwanza tangu alfajiri.

Yule mama alimtazama dada, akatazama lori, akanitazama mimi. Ningemwambia nini? Bakia ufe? Akatoa barua kwenye kanga, akanikabidhi.

"Nisomee. Miwani iko ndani ya begi. Nimetumwa hapa mpaka lini?"

"Mpaka..." nikasema. "Halafu mstari, mama. Mtupu."

"Mtupu?"

"Mtupu."

Alijua nani aliyeichapa. "Wewe binti," akasema, "una adabu mbaya sana." Lori likapiga honi tena, refu. Akateremsha begi. "Chemsha maji. Na uchane ile nailoni kwenye kitanda, inanikera tangu nije."

Lori liliondoka. Mengine ni ya wanawake watatu. Nitasema tu kwamba alasiri mtoto alitoka, akakaa kimya muda wa mimi kumaliza maombi yangu yote na kuanza kuahidi vitu nisivyonavyo. Yule mama akamsugua mgongo, akampiga kikofi kidogo unyayoni. Akalia. Alilia kama mbunge aliyenyimwa nafasi ya kuzungumza. Dada yangu akafunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Yule mama akanawa mikono, akaleta daftari kubwa la serikali. Jina la mama, uzito wa mtoto, jina la mkunga.

"Andika lako," akasema. "Bunge limeshasema mkunga ni wewe. Mimi msaidizi."

"Bunge limetawanyika," nikajibu, nikaandika lake, yote matatu, kwa herufi kubwa. Chini ya ukurasa mkono ulienda wenyewe: Imeandikwa na.

Kutoka kitandani dada akauliza, "Umeandika kwamba alilia?"

"Hakuna nafasi ya hiyo."

"Tafuta nafasi."

Nikaandika pembeni, kwa kusimamisha herufi ili zienee: Alilia.