Shuka Halisemi Uongo

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, na hakuna mtu aliyezijua hoteli za jirani na bustani ya michezo kama yeye, ingawa hakuwahi kuingia hata moja kwa mlango wa mbele. Haja ya nini? Hoteli zenyewe zilimfuata nyumbani, upande wa pili wa mji, kila asubuhi, zimefungwa mafurushi juu ya mkokoteni. Alikuwa dobi. Kwa miaka kumi na tisa alifua mashuka ya hoteli tatu, na kila shuka jipya alilitia uzi mwekundu pembeni, mishono mitatu, lisije likachanganyika na ya madobi wengine. Mkono ulizoea hivyo hata vijinguo alivyomtumia mjukuu wake vilikwenda na uzi mwekundu, na hakuna aliyemuuliza.

Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili. Bi Pasi, tangu mumewe afariki na binti yake aolewe mbali, alikuwa na msumari. Aliugongomelea kwenye fremu ya mlango, akatundika pembe mbili hapo, yeye akavuta mbili zilizobaki. Kama msaidizi, msumari ule haukuwa na domo wala haukuomba ruhusa. Ubaya wake ni kwamba haukujua kupiga hatua moja mbele, kwa hiyo hatua zote alizipiga yeye.

Basi siku moja binti akapiga simu.

"Mama, mamkwe anakuja huko Ijumaa. Anamleta mtoto kwenye mabembea. Watalala siku mbili tu."

"Wakaribie tu. Watafikia wapi?"

"Hotelini. Wewe ndiye utakayewachagulia."

"Kwa nini mimi?"

Binti akakohoa. "Mama, si ulisema mwenyewe?"

Ni kweli, alisema mwenyewe. Siku ya harusi, mama wa bwana harusi alimuuliza anafanya kazi gani, na Bi Pasi, akiwa kwenye viatu vya kuazima vinavyombana, alijibu: "Nasimamia hoteli tatu, upande wa vitanda." Hakudanganya. Lakini hakusema kweli vilevile, na miaka saba sasa neno lile lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkwe mwenyewe hakuwa mtu wa kuchezea. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Kwa miaka thelathini alikagua kucha za watoto wa watu, na hata alipostaafu, macho hayakustaafu. Bi Pasi alimwazia akiingia katika nyumba yake ya vyumba viwili, kimoja cha kulala yeye, kingine cha kulala mashuka. Akiinama chini ya kamba kumi za uani. Akikaa juu ya furushi kwa kukosa kiti. Yeye mwenyewe angevumilia. Aliyemwogopea ni binti. Alihofia kwamba kila siku chumvi ikizidi kwenye mboga, mtoto wake ataambiwa: utajua wapi, wewe mtoto wa dobi. Kwa hiyo Mwalimu ilikuwa lazima apate hoteli nzuri, alale, afurahi, aondoke bila kupaona kwake.

Akaketi kuchagua. Wengine huuliza bei, wengine huuliza wenzao. Bi Pasi alifungua mafurushi matatu sakafuni, akavaa miwani.

Hoteli ya kwanza ilikuwa ile ya ghorofa nne, yenye mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Mashuka yake yalikuja na chai, mchuzi, na safari hii mfupa wa kuku. "Mtu hali kitandani ila mezani hapakaliki," alisema peke yake, akauweka mfupa kando kwa ajili ya paka.

Mashuka ya hoteli ya pili aliyakung'utia nje siku zote, mbali na nyumba. Yalikuwa na vidoadoa vya damu, vimepangana mstari. Huko mgeni alilipia chumba, na kunguni wakamla yeye.

Ikabaki ya tatu, yenye geti la buluu. Furushi lake lilikuwa kubwa kuliko yote, maana yake hoteli hujaa. Na mashuka, jamani! Hayakuwa na doa. Hayakuwa na jasho. Yalinukia sabuni yake mwenyewe, na mikunjo yake ilikuwa ukingoni tu, kama watu waliketi kidogo kwa adabu kisha wakalala bila kujigeuza. "Hawa ndio wageni," Bi Pasi alisema. "Watu wastaarabu, wanalala kama wamepangwa kabatini." Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Yeye aliongeza kwamba nyumba njema ni shuka, na shuka halisemi uongo.

Akampigia simu msichana wa mapokezi. "Nataka chumba cha mtu mzima na mtoto. Nipe kile kinachotazama bustani ya michezo, uso kwa uso."

Msichana akashangaa. "Uso kwa uso, mama? Una hakika?"

"Nina hakika, mwanangu. Ni mkwe wangu."

"Haya," alisema msichana, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutoingilia mambo ya ukoo.

Ijumaa saa sita mchana Bi Pasi alipita mlango wa mbele wa hoteli kwa mara ya kwanza maishani, amevaa gauni lilelile alilovaa siku ya harusi ya binti. Mwalimu alikuwa amefika, wima kama rula, mjukuu kamshika mkono. Chumba kilipendeza. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na Bi Pasi alijizuia sana asinyooshe pembe iliyolegea. Mwalimu hakujizuia, aliinyanyua, akaitazama kwa karibu, akaitazama tena, akairudisha.

"Safi," alisema. Bi Pasi akapumua.

Hapo ndipo dirisha lilipotikisika. Nje, hatua chache kutoka hapo, kigari cha reli cha bustani ya michezo, kilichojaa watu, kilipanda taratibu hadi juu kabisa, kikasita, kikajitupa chini, na abiria wote wakapiga yowe moja refu lililoingia chumbani bila hodi.

"Kuna mtu anauawa?" Mwalimu aliuliza.

"Wanafurahi," alisema Bi Pasi.

Mjukuu alikuwa ameshapanda dirishani anacheka. Dakika nne hazijapita, wakafurahi tena. Mlangoni alipita mwanamume na begi lake, akimwambia mkewe kwamba afadhali kulala stendi. Nyuma yao wakapita wengine wawili, na kule mwisho wa korido wahudumu walikuwa tayari wanabadilisha mashuka kwa ajili ya watakaofuata.

Bi Pasi akaelewa yote kwa mpigo. Mashuka yalikuwa safi kwa sababu hakuna aliyeyalalia! Watu waliketi ukingoni, wakasikia yowe la kwanza, la pili, wakainuka na mizigo yao. Na kitanda kimoja kiliona wageni watano kwa siku. Shuka halikusema uongo. Msomaji ndiye aliyelisoma juu chini.

"Mtazoea," alisema, jasho likimtoka mgongoni. "Mimi... nina kikao kwenye hoteli nyingine." Akatoka mbio, aibu imemjaa mpaka masikioni, akiwaza simu atakayompigia binti na maneno ya kuanzia.

Alasiri alikuwa uani, aproni imelowa, mikono povu mpaka viwikoni, anazifua hasira zake, aliposikia hodi. Alidhani ni mkokoteni.

"Pita, geti halina komeo!"

Akapita Mwalimu. Mkono mmoja sanduku, mkono mwingine mjukuu, macho mekundu kwa kukosa usingizi wa mchana. Bi Pasi alitaka kujificha, lakini nyuma ya nini? Kila kilichokuwepo pale kilikuwa shuka jeupe, na miguu yake ingeonekana chini.

"Mkwe," alisema. "Umepajuaje?"

"Nilimuuliza yule msichana wa mapokezi nani anafua mashuka yao. Akasema, yule dobi? Kila mtu anapajua kwake."

"Mwalimu, ngoja nikueleze. Ile siku ya harusi..."

"Sikiliza kwanza." Mwalimu alimvuta mjukuu, akageuza ukosi wa gauni lake. Mishono mitatu myekundu. "Nguo zote za mtoto huyu zina uzi huu tangu azaliwe. Na hazichujuki, wala kola hazilegei. Tangu hapo najiuliza nani anayejua kutunza nguo namna hii. Leo naukuta kwenye shuka la hoteli." Akaurudisha ukosi wa mtoto. "Mama yangu alikuwa dobi. Nilisoma kwa mikono yake. Nami sijawahi kumwambia mtu pale shuleni, hata mmoja."

Bi Pasi alifuta uso kwa mkono wenye povu, jambo lililozidisha machozi.

"Nyumba yenyewe ndiyo hii unayoiona," alisema mwishowe. "Haina hata mlango wa maana."

"Nyumba njema si mlango," alijibu Mwalimu, akatua sanduku juu ya furushi. "Fungua uingie ndani. Wewe ulitaka kunilaza nje na wale wendawazimu."

Wakaanza kucheka, na mjukuu akacheka kwa kuwa wao wanacheka, akakimbia kati ya kamba za mashuka makavu. Jua lilikuwa linashuka na kazi ilikuwa bado. Bi Pasi akaanua shuka kubwa, akaenda nalo mlangoni kama ilivyo desturi yake, akatundika pembe mbili kwenye msumari.

Mwalimu alimtazama akivuta. Alitazama msumari. Kisha akaja, akatungua zile pembe mbili, akazishika yeye, akarudi nyuma hatua tatu hadi shuka likakaza kati yao.

"Vuta," alisema. "Usilegeze, mkwe."

Bi Pasi akavuta. Halafu akasimama tu, pembe mkononi, kwa sababu upande wa pili ulikuwa unamjia.